Matembezi Yetu ya Annapolis

Wengi katika wasomaji wa gazeti hili wana jamaa zao waliokwenda kukaa Marekani, na kila mwaka wako wazee wanaotoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwenda kuwaangalia watoto wao na wajukuu. Mgeni wa namna hiyo, akiisha kushiba maongezi ya siku za kwanza, huchukuliwa Washington akaonyeshwa Ikulu kwa mbali, kisha hurudishwa nyumbani akakaa dirishani kutazama motokaa zinavyopita. Nasi pia ndivyo tulivyofanyiwa. Lakini siku ya Alkhamisi, tarehe 20 Juni 2024, siku chache baada ya Idi ya Mfungo Tatu, ndugu yetu akaaye Silver Spring, katika jimbo la Maryland, alituambia kuwa ataka kutupeleka Annapolis, mji mkuu wa jimbo hilo. Khabari ya siku hiyo twaona yafaa kuandikwa, kwa ajili ya mji wenyewe, na kwa ajili ya neno alilolisema mama yetu jioni yake, ambalo maisha yetu yote hatukupata kulisikia.

Tulikuwa watu sita: ndugu yetu na mkewe, sisi na ahali yetu, binti yetu wa miaka 11, na mama, mwenye umri wa miaka 81. Mwendo ni kiasi cha kilomita 50, na haukutimia saa moja. Shemeji alikwisha funga sambusa na mkate wa sinia katika kikapu, kwani huko mtu hawezi kuingia mkahawa wowote akala bila ya kuuliza.

Annapolis ni mji mdogo. Katika hisabu ya watu ya mwaka 2020 walipatikana watu 40,000 na kitu, hali ya kuwa Baltimore, mji mwengine wa jimbo hilo hilo, ulikuwa na zaidi ya watu 585,000. Katika Marekani jambo hili si geni: majimbo mengi yameweka serikali yake katika mji mdogo, na biashara ikaachwa ikue kwengine. Makao ya serikali ya Maryland yalihamishiwa hapo katika miaka ya 1694 na 1695, zamani za Waingereza, na mji ukaitwa kwa jina la bibi Anne, aliyekuja kuwa malkia wao. Gavana wa wakati huo, Francis Nicholson, aliupanga mji kwa mtindo usiokuwa wa kawaida katika makoloni yale: alitia duara mbili juu ya kilima, moja ya serikali na moja ya kanisa, na kutoka katika duara hizo njia zikatawanyika kama miale ya jua. Mpango huo haujabadilika. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hatapotea humo, kwani njia ni nyembamba na nyumba zimekabiliana, na kila anayeteremka mwisho wake huifikia bahari. Jambo moja twawaonya wazee: kando za njia zimetandikwa matofali ya kale yaliyoinuka na kudidimia, basi mtu avae viatu vya kukanyagia, si vya kuonyeshea. Na kuweka motokaa ni ghali kupita kiasi.

Tulianza kwa jumba la serikali lililo katikati ya duara kubwa. Kuingia ni bure, ila mtu mzima huulizwa kitambulisho. Jumba hilo lilianza kujengwa mwaka 1772, na baraza la kutunga sheria la Maryland likaingia humo mwaka 1779, wala halijatoka mpaka leo. Hakuna jumba la namna hiyo katika Marekani lililotumika muda mrefu zaidi bila ya kukatika. Kwa miezi michache, tangu Novemba 1783, hapo ndipo palipokuwa makao ya serikali ya nchi nzima. Katika chumba kimoja cha chini, tarehe 23 Desemba 1783, jemadari George Washington alisimama mbele ya wajumbe akarejesha madaraka ya jeshi, akaenda zake nyumbani kulima. Ndugu yetu alisimama mlangoni pa chumba hicho muda mrefu kuliko sisi sote, akasema kuwa laiti kila mwenye bunduki angalikuwa na safari ya kurudi shambani. Hatukumjibu, maana kila mmoja wetu alikuwa na nchi yake anayoifikiri.

Lililotupendeza sisi zaidi ni kuba. Juu ya jumba lile pana kuba kubwa la mbao, na mbao zile hazikushikwa kwa misumari ya chuma kama desturi, bali kwa vigingi vya miti na mikanda ya chuma. Wenyewe huona ajabu kubwa. Sisi tulikumbuka mitepe ya Lamu, iliyokuwa ikishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, ikibeba boriti, na leo haipo tena ila mifano yake katika makumbusho. Mtu akitunza kitu chake, wajukuu wa watu wengine huja kukistaajabia.

Katika jumba hilo hilo kiko chumba cha wajumbe wa zamani, na humo zimewekwa sanamu mbili za shaba, za kimo cha watu wenyewe, zilizofunuliwa mwezi wa Februari 2020: moja ya Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838, na moja ya Harriet Tubman, aliyetoroka mwaka 1849 kisha akarudi mara kwa mara kuwatorosha wengine. Wote wawili walizaliwa katika jimbo hili la Maryland, ng'ambo ya pili ya ghuba. Na nje, katika uwanja wa jumba, palikuwapo zamani sanamu ya jaji Roger Taney, mtu wa Maryland, aliyehukumu mwaka 1857 kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Sanamu hiyo iliondolewa usiku mmoja wa Agosti 2017. Upande wa pili ameekwa Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji katika Mahakama Kuu ya nchi ile. Binti yetu alitaka kujua yule jaji wa kwanza amepelekwa wapi. Tukamwambia kuwa hatujui, naye akaona ni jawabu dhaifu.

Hatua chache kutoka hapo liko jumba la makumbusho lenye majina ya Banneker, Douglass na Tubman, lililofunguliwa mwaka 1984 ndani ya kanisa la zamani la watu weusi. Nalo halina kiingilio. Banneker alizaliwa mwaka 1731, akawa mjuzi wa hisabu na nyota kwa kujifundisha mwenyewe, na mwaka 1791 alimwandikia barua Thomas Jefferson kumhoji juu ya utumwa. Mwenye watoto asilipite jumba hili. Ama chuo cha wanamaji, kilichowekwa hapo tangu mwaka 1845, na nyumba za matajiri wa kale na bustani zao, tuliziona kwa nje tu, kwani miguu ya mama ilikuwa imekwisha anza kulalamika, na mwenye kupenda merikebu na majemadari atapata siku nzima ya kujifurahisha kwa vitu hivyo.

Adhuhuri tuliisali msikitini. Waislamu wa mji huo wanao msikiti wao, nje kidogo ya mji wa kale, na mtu huufikia kwa motokaa kwa muda mchache. Kisha tukarudi bandarini kula.

Na hapa lazima tutaje kaa. Ghuba ya Chesapeake ina kaa wa rangi ya buluu, na watu wa Maryland wana wazimu nao: huwapika kwa mvuke na bizari nyekundu yenye chumvi nyingi, huwamwaga juu ya meza iliyotandikwa magazeti, na wakubwa kwa wadogo huwapiga kwa nyundo za mti. Harufu yake ni nzuri, hatuwezi kusema uwongo. Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, wengi wao hawamhalalishi kaa, kwa kuwa ni mnyama wa baharini na nchi kavu, hali ya kuwa wenzetu wa Maliki humla bila ya tabu. Ndugu yetu, ambaye miaka 20 ya Marekani imempunguzia mambo kadha wa kadha, alisema kwa sauti ndogo kuwa Imam Malik naye ni imamu. Mama akamtazama. Tukala samaki.

Bandari yenyewe ni ndogo, kijito chembamba kilichoingia mpaka katikati ya mji, kimejaa mashua za starehe. Bahari ikijaa sana, maji hupanda mpaka njiani, na wenyeji husema kuwa mambo hayo yanazidi mwaka hata mwaka. Ukingoni pana sanamu ya mtu aliyeketi na kitabu magotini, na watoto watatu wamelala na kuketi mbele yake wakimsikiliza. Huyo ni Alex Haley, Mmarekani mweusi aliyetoa mwaka 1976 kitabu cha Roots, kinachomwelezea Kunta Kinte, kijana Mwislamu wa Juffure katika nchi ya Gambia, aliyekamatwa akaletwa mpaka hapo. Wanahistoria wamezitia shaka khabari nyingi za nasaba alizoziandika Haley. Lakini merikebu aliyoitaja, Lord Ligonier, ilifika kweli Annapolis tarehe 29 Septemba 1767. Ilipakia watu 140 Gambia. Waliofika ni 98. Mwaka 1981 palitiwa kibao cha ukumbusho, na hazikupita siku mbili kikaibiwa na watu walioacha kadi yenye jina la chama cha wenye kuwachukia weusi. Wenyeji wakatia kingine. Sanamu hizi zilikuja baadaye, na zilikamilika zote mwaka 2002.

Watu walikuwa wakipokezana kupiga picha. Mama aliketi karibu na zile sanamu za watoto, akaweka mkoba wake mapajani, nasi tukaona huo ni wakati mzuri wa kumsimulia binti yetu khabari ya mtu mwengine aliyeshuka katika mji huu huu kabla ya Lord Ligonier, ambaye yeye hana shaka yoyote ya kitabu, kwa kuwa waliomwona waliandika na barua yake mwenyewe ilisomwa.

Jina lake ni Ayuba bin Suleiman Diallo. Alikuwa Mfulani wa nchi ya Bundu, iliyo baina ya mito ya Senegal na Gambia, mwana wa mwanachuoni, na mwenyewe alihifadhi Kurani tangu udogo wake. Alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka 30 alikamatwa na Wamandinka karibu na mto Gambia, wakamnyoa kichwa na ndevu ili aonekane ni mateka wa vita, wakamuuza kwa nahodha wa Kiingereza aliyeitwa Pike. Nahodha alimpa ruhusa ya kupeleka khabari kwa baba yake apate kukombolewa, lakini jawabu halikuwahi. Merikebu ikatweka, akaletwa Annapolis, akauzwa kwa mtu wa kisiwa cha Kent, ng'ambo ya ghuba, mwenye shamba la tumbaku. Kazi ya tumbaku hakuiweza. Akapewa ng'ombe wa kuchunga. Alikuwa akiwaacha ng'ombe akaingia mwituni kusali. Mtoto mmoja wa Kizungu akamgundua, akawa kila siku huja kumcheka na kumrushia uchafu usoni hali yumo katika sala. Ayuba hakuwa na lugha ya kumshitakia mtu. Akatoroka, akakamatwa, akatiwa kizuizini.

Humo kizuizini, mwezi wa Juni 1731, alikwenda kumtazama mtu mmoja jina lake Thomas Bluett, pamoja na wenziwe. Walimpa mvinyo akaukataa. Walimwashiria aandike, akaandika mistari miwili mitatu, na alipoisoma walisikia majina ya Allah na Muhammad, wakajua kuwa ni Mwislamu na kuwa si mtu wa kawaida. Mzee mmoja mtumwa, Mwolofu, akapatikana wa kufasiri. Kisha Ayuba alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua hiyo haikufika Bundu. Ilifika London, mikononi mwa James Oglethorpe, naye akaipeleka Oxford kwa mwalimu wa Kiarabu apate kuifasiri, na alipoisoma alitoa ahadi ya fedha ya kumkomboa. Mwaka 1733 Ayuba alivuka bahari pamoja na Bluett. Huko London aliandika misahafu mitatu kwa kichwa, bila ya kutazama nakala. Alipotakiwa kupigwa picha ya rangi alisita kwa kuogopa mambo ya masanamu, kisha akakubali, akataka achorwe na nguo za kwao. Mchoraji akasema kuwa hawezi kuchora nguo asizoziona. Ayuba akamuuliza, basi vipi wachoraji wenu humchora Mungu ambaye hakuna aliyemwona? Picha hiyo ipo mpaka leo, msahafu umening'inia kifuani pake. Mwaka 1734 alirudi kwao, na mwaka huo huo Bluett akatoa kitabu cha khabari zake.

Twakiri kuwa tulitaka kuikata khabari hapo. Imekaa vizuri hapo kwa mtoto. Lakini binti yetu ana tabia ya kuuliza mwanzo wa mambo, akauliza: "Alikwenda kufanya nini huko mtoni hata akakamatwa?"

Tulinyamaza kidogo. Kusema uwongo mbele ya mama yetu hatukuweza, na kusema uwongo mbele ya wale 98 ni zaidi. Tukamwambia kuwa baba yake alimtuma kwenda kuuza watu wawili kwa merikebu ya Kiingereza, na kununua karatasi. Nahodha yule yule Pike hakukubaliana naye bei, basi Ayuba akavuka mto akawauza watu wale wawili kwa ng'ombe, na ni katika kurudi ndipo alipokamatwa. Na baba yake, alipopata khabari, alipeleka watumwa kadha ili wawe badala ya mwanawe, wakafika merikebu imekwisha ondoka. Na zaidi ya hayo, Mwingereza mmoja aliyekuwa Gambia, Francis Moore, ameandika kuwa Ayuba aliporudi na mali aliyopewa, alinunua farasi wawili na mtumwa mwanamke.

"Baada ya yeye mwenyewe kuuzwa?"

"Baada ya hayo."

"Na wale wawili majina yao nani?"

Tukasema kuwa hayakuandikwa. Binti yetu akawatazama watoto wa shaba, akanyamaza. Mama naye hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa tasbihi, akairudisha.

Sisi tumesoma maneno mengi ya kuutetea ulimwengu wetu katika jambo hili, na mengine tumeyaandika wenyewe: kuwa Sura ya Al-Balad imeweka kumkomboa mtumwa mbele ya mema mengine, na kuwa zaka ina fungu lake kwa ajili hiyo, kuwa mtawala wa Tunis aliukataza utumwa mwaka 1846, na Maryland haikuukataza ila Novemba 1864. Yote ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kuwa Unguja uliondolewa kwa sheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mkono ulioziandika amri hizo haukuwa wa kutaka wenyewe. Mtoto aliyeuliza majina hakuwa akituuliza juu ya sura wala juu ya Tunis.

Alasiri tulivuka daraja la Chesapeake kwenda kisiwa cha Kent. Ni daraja refu, kiasi cha kilomita 7, na linapopanda katikati mtu huona kama anarushwa mbinguni. Shemeji hufumba macho. Ushuru hutozwa kwa wanaokwenda mashariki tu, anayerudi hatozwi. Huko ng'ambo tukaenda katika bustani ya Terrapin, iliyo ukingoni mwa ghuba, yenye majani marefu na miti, na kijia kinachokwenda mpaka ufukoni. Mahali khasa alipokuwa akichunga Ayuba hatupajui, ila ni kisiwa kile kile na miti ya namna ile ile. Tukatandika miswala pembeni mwa njia tukasali alasiri. Tulipokuwa katika rakaa ya tatu alipita mtu na mbwa wake. Akamvuta mbwa kwa ukamba, akasimama mbali, hata tulipotoa salamu ndipo alipopita, akatupungia mkono. Ndugu yetu alisema kuwa miaka 20 hakupata kusali nje katika nchi ile bila ya kutazama nyuma.

Tulikaa ufukoni. Mama aliketi juu ya gogo, na binti yetu alichovya kidole majini akaonja, akasema kuwa maji haya si ya chumvi sana. Ni kweli, kwani mito mikubwa humimina humo. Kisha akasoma katika simu ya baba yake mdogo kuwa daraja lile, sehemu yake ya kwanza, lilifunguliwa mwaka 1952.

Mama akasema: "Mwaka huo ndio aliokufa King George. Skuli zilifungwa Malindi. Na ndio mwaka aliokufa Bi Mnyasa."

Tukamuuliza nani Bi Mnyasa, kwani tulidhani twawajua wafu wetu wote.

Akasimulia, hali anatazama maji. Katika nyumba ya babu yake palikuwa na bibi mzee aliyelala chumba cha karibu na jiko, penye jiwe la kusagia. Ndiye aliyekuwa akimwosha yeye na dada yake, akiwapeleka chuoni na kuwangoja nje. Kul-huwallahu mama aliijua kwake kabla ya kuijua kwa mwalimu. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu, la mapambo ya kwao, alilotobolewa utotoni, wala halikuziba. Akizungumza na mgeni alilifunika kwa ncha ya leso. Katika sala alisimama nyuma ya wanawake wote, na katika kula alikula watu wakiisha inuka. Mama, alipokuwa mtoto, alimuuliza kwao ni wapi. Akajibiwa: "Kwetu nako ni pwani, mwanangu, ila maji yake hayana chumvi."

"Tukimuuliza babu," akasema mama, "alikuwa akijibu: ni mtu wetu."

Binti yetu akauliza: "Mtu wetu, maana yake ni jamaa?"

Mama alikaa kimya muda ambao hatukuupenda. Kisha akasema: "La, mjukuu wangu. Maana yake tulimnunua."

Sisi tulikuwa na umri wa miaka 55 siku hiyo. Tumesoma khitma ya nyumba yetu kila Ramadhani tangu tulipojua kusoma, na tumewataja waliotutangulia mmoja mmoja, mpaka wale waliokufa Hadhramut ambao hakuna aliyewaona. Bi Mnyasa hakutajwa hata mara moja. Tulimuuliza mama sababu ya kutotuambia. Alisema kuwa hakuna aliyemkataza. Ila hakumsikia mtu mwengine akilisema, naye akadhani kuwa halisemwi. Alizikwa, asema, upande wa mkanju, mbali na makaburi ya nyumba. Mkanju wenyewe umekwisha katwa.

Usiku ule, saa nne za Maryland, tulipiga simu Malindi, ambako ilikuwa alfajiri, tukijua kuwa mama mkubwa wetu, mwenye miaka 88, amekwisha amka kwa sala. Mama alimsalimu, akamuuliza khabari za magoti, kisha akamuuliza jina la Bi Mnyasa. Tulisikia kimya, tukadhani simu imekatika. Halafu mama mkubwa akauliza: "Nani kakutuma kuuliza hayo huko Marekani?" Mama akamjibu kuwa ni mtoto.

Mama mkubwa alilijua jina alilopewa ndani ya nyumba. Ni moja katika yale majina waliyokuwa wakipewa wajakazi, yenye maana ya chumo na bahati, na mama hakutaka tuliandike hapa. Jina alilokuja nalo hakulijua. Alisema kuwa labda angalikuwako mtu wa kumwambia, lakini wote wamekufa, na kuwa yule bibi alikuwa akiimba usiku wakati wa kusaga, kwa lugha ambayo hakuna aliyeifahamu.

Mama ana daftari dogo la majina ya khitma, husafiri nalo. Alilitoa mkobani, akampa binti yetu na kalamu, akamwambia aandike: Bi Mnyasa. Binti yetu akaandika, kisha akatazama majina ya juu yake, akaona kila mmoja ameandikwa na jina la baba yake, akauliza aandike binti wa nani.

Mama akamwambia: "Acha nafasi."